Pini ya Plau na Shingo ya Kanga

Pini ya kwanza niliyomkerezea mzee ilivunjika kabla ng'ombe hawajafika mwisho wa shamba. Alikuja mwenyewe karakana, pale Nyamisangura, akaviweka vipande viwili juu ya mashine yangu.

"Nilikuomba pini ya gurudumu la plau," alisema. "Umenitengenezea sahani."

Nilijibu nikiangalia sakafu, maana mzee huyo alikuwa baba wa msichana niliyetaka kumwoa. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi muda si mrefu. Askari mmoja wa keya, jeshi la Waingereza, aliyerudi na baiskeli mpya, alikuwa akimtaka msichana huyohuyo, na mzee alishasema wazi: baiskeli ameiona, sasa anataka kuona hicho chuma nilichosomea.

Kosa langu lilitokana na woga. Chuma cha ekseli ya lori ukikipasha mpaka kiwe chekundu kama kaa, kisha ukakichovya kwenye oili, kinakuwa kigumu sana, lakini kinakatika kwa urahisi. Inabidi ukipashe tena polepole ili kilegee kidogo. Mimi niliwaza: kikilegea mno, pini itapinda, mzee atasema nami nimelegea. Nikakiacha kigumu. Na mashamba ya Tarime yana mawe mengi kuliko udongo.

Nikaanza upya. Nilikipasha kipande kingine cha ekseli, nikakizika kwenye majivu kipoe taratibu mpaka kikakubali kukatwa. Nikakikereza, nikakipima, nikakipima tena kwa kuogopa kwamba labda kimebadilika nilipokuwa nakohoa. Nikakipasha, nikakichovya, nikakisugua kwa msasa mpaka kikang'aa. Kisha nikakilaza juu ya bati nene lililokuwa kwenye makaa.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Chuma kilichong'arishwa hubadilika rangi kinapopata joto: kwanza manjano ya majani makavu, halafu kahawia, zambarau, mwisho bluu. Kila rangi na ulegevu wake, na bluu ndiyo iliyolegea kuliko zote. Baada ya kuwaza siku nzima niliamua kukitoa kikiwa kahawia, katikati, ili nisilaumiwe na upande wowote.

Manjano ilikuwa ndiyo kwanza inaanza nilipoona khanga mlangoni. Mama wa msichana!

Kwetu Wakurya mkwe hatazamani na mama mkwe, na karakana ilikuwa na mlango mmoja tu, hapohapo aliposimama yeye. Niliruka nyuma ya pipa la oili, nikiwa nimevaa shati jipya la kumpelekea mzee pini. Karibu na makaa akabaki dereva wa lori letu, Mjaluo wa Shirati, aliyekuwa akichoma mahindi yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Yule kijana yupo?"

Dereva akaitazama miguu yangu, iliyokuwa imejitokeza nje ya pipa. "Hayupo sana, mama."

Mama akajifunika uso kwa khanga, akageukia ukuta. "Basi mwambie huyo asiyekuwepo kwamba pombe ya walimaji imeshaiva. Watu wamekusanyika. Mzee anataka pini leo."

"Rangi gani?" nikanong'ona.

Lakini nani atamkatiza mama wa watu katikati ya salamu? Ilibidi dereva aulize habari za nyumbani, naye aulizwe za Shirati. Wakaingia kwenye ng'ombe. Kulikuwa na ndama anayeharisha. Kahawia yangu, najua kabisa, ilipita wakati wakijadili ndama.

"Rangi gani, wewe!"

Dereva akainama juu ya bati. "Ilikuwa kama yule dume mwekundu wa shemeji yangu. Sasa imekuwa kama shingo ya kanga."

Shingo ya kanga! Bluu! "Toa! Chovya!"

Akachovya. Moshi ukajaa karakana, mama akaondoka na pini akikohoa, nami nikatoka nyuma ya pipa nikiwa na oili mpaka masikioni.

Nilimfuata kwa mbali. Nikajificha nyuma ya zizi, nikasikiliza plau. Gurudumu lilipogonga jiwe la kwanza nilifumba macho. La pili nikaziba masikio. Nilipofungua macho, ng'ombe walikuwa wamegeuza na mzee alikuwa amechuchumaa, akiipitishia kidole gumba pini yake ya bluu. Haikuwa imevunjika wala kupinda.

"Wewe uliye nyuma ya zizi," aliita bila kugeuka. "Waambie wazee wenu waje tuzungumze."

Tumeshaoana sasa, na plau bado inalima. Lakini hivi karibuni mke wangu aliniambia mama yake alirudi siku ile akasema, kabla hata pini haijafungwa: "Kijana ana heshima. Aliingia nyuma ya pipa na nguo zake nzuri."

Kwa hiyo sijui nilikubaliwa kwa ajili ya pini au kwa ajili ya pipa. Mke wangu anasema nilale.