Kilele Kisicho na Mwenyewe

Maabarani walimwita Dada Masizi, kwa kuwa aliyemtangulia kwenye kile kiti, kaka yake wa damu, ndiye aliyekuwa Masizi mwenyewe. Kazi ilikuwa ileile: kuunguza vijiti vya kaboni kwa umeme, kukwangua masizi yake, kuyaloweka kwenye kimiminika cha kuyeyushia, toluini, kisha kuchambua kilichoyeyuka. Humo mna molekuli za ajabu zinazoitwa fulerini, zimejifunga duara kama mpira, ndani tupu. Mashine ya kromatografia huzisukuma katika bomba jembamba la chuma lililoshindiliwa unga, na kila aina hutoka kwa wakati wake. Ya kaboni sitini hutangulia, zambarau. Ya kaboni sabini hufuata, nyekundu iliyokolea. Kwenye skrini kila moja huchora kilele chake.

Kaka mtu alikuwa akishikilia kwamba nyuma ya hizo mbili kuna nyingine, kubwa zaidi.

"Masizi, umezidi," wenzake walimtania. "Mwishowe utatuonyesha majini humo."

Alifia papo hapo mezani asubuhi moja, moyo umegoma, mashine ikiendelea kunguruma.

Baada ya matanga, mdogo wake aliyesomea kazi hiyohiyo akapewa nafasi yake. Siku ya kwanza aliidunga mashine sindano ya toluini safi, bila kitu ndani, apate kujua kama mashine imetakata. Mstari ukanyooka kwenye skrini. Alikuwa ndiyo kwanza anainuka aende zake, mstari ukaanza kupanda. Ukapanda taratibu, ukavimba, ukashuka. Kilele. Cha nani, na hakuna kilichotiwa?

"Uchafu huo, mdogo wangu," alisema Daktari, mkuu wa maabara, mama asiyekosa jibu. "Safisha tu."

Akasafisha sindano, akabadilisha toluini. Kesho yake kikaja tena, palepale. Keshokutwa vilevile. Jua lilikuwa linawaka dirishani, watu wanacheka koridoni, naye amesimama mbele ya skrini vinyweleo vimemsimama. Akaanza kuogopa kukipa mgongo kile kiti cha kaka yake.

Hatimaye akaifungua vali ya kupokelea sindano. Ndani akakuta mkwaruzo mdogo, umejaa weusi. Akacheka peke yake, kisha machozi yakamtoka: ilikuwa sampuli ya mwisho ya kaka yake, imenasa humo, ikivuja kidogo kidogo. Akafunga vali mpya, akamwita Daktari ashuhudie.

Sindano ya toluini safi. Mstari ukanyooka. Wakasubiri. Daktari alikuwa tayari ameshachukua kalamu zake aondoke, mstari ulipoinuka, ukapanda kupita siku zote.

Halafu Daktari akanong'ona, "Kinga! Kinga upesi!"

Dada Masizi akatega kichupa kwenye mdomo wa bomba. Matone yakaingia, si zambarau, si mekundu: manjano yenye ukijani. Walipoyapeleka kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli, jibu likaja: kaboni themanini na nne.

"Kulikuwa na mabaki kwenye bomba," alisema Daktari, kama anayejishawishi mwenyewe. "Lazima iwe hivyo."

"Ndiyo, Daktari."

Tangu hapo kilele hakikuonekana tena. Dada Masizi aliunguza kaboni nyingi kwa miezi, mpaka akaitenganisha molekuli ile kwa njia ya kawaida, mchana kweupe, mbele ya wenzake wote. Hakuna aliyetania.

Jumapili moja alikipeleka kichupa kile cha kwanza, kimezibwa vizuri, kwa mama yao.

"Ndicho alichokuwa anakitafuta, mama."

Mama akakiinua dirishani, akakitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ni kidogo hivi," alisema, akakishusha. Kisha akauliza, bila kumtazama binti yake, "Na ulipokipata, ulikuwa peke yako?"

"Nilikuwa na Daktari, mama."

"Sikuulizi habari za Daktari."

Dada Masizi akakikumbuka kile kiti.