Tuliokataa Kushuka

Fundi wa majenereta hapa Kariakoo amemwaga dizeli sakafuni, na harufu yake imenirudisha kwenye tishari la baba la kubebea mchanga. Njia ya maji ilifungwa miezi mingi ikichimbwa, nasi tukaishi ndani ya tishari hilo, gatini.

Asubuhi moja mlinzi wa gati alimkuta mama akianika sare zangu za shule.

"Mama, hapa si pa kuishi. Shukeni leo."

"Tukishuka mtalivuta tishari letu," mama alijibu bila kugeuka. "Njia mmeifunga nyinyi, kaka yangu. Ifungueni, tutaondoka."

Mlinzi akanigeukia mimi. "Shuka, mtoto."

Nilikaa palepale sakafuni. Akaenda zake. Njia ilipofunguliwa, tuliondoka kwa injini yetu wenyewe.