Tone la Mafuta kwenye Sigara ya Umeme

Taa ilipepesa, ikazima. Mzee Panki akabonyeza tena. Ikapepesa, ikazima.

"Kenge wewe!" akaiambia.

Dereva wa lori aliyekuwa kitini, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado kichaka, akamtazama kupitia kioo. "Mimi huyo?"

"Wewe tulia. Nasema na hiki kidude."

Kidude chenyewe kilikuwa sigara ya umeme, nyeusi, urefu wa kidole: juu tangi la maji yake, chini betri, vinaungana katikati kwa kuskrubu. Na jamani, kama kuna kitu kilichowahi kumtesa yule kinyozi, basi ni hicho. Wamemwita Mzee Panki tangu ujana wake, alipokuwa akitembea na panki kichwani kama jogoo, na jina halikumtoka hata baada ya nywele zenyewe kumkimbia. Kinyozi mwenye upara! Wateja walimtania mpaka wakachoka. Na sigara alikuwa akivuta tangu kabla hajaota ndevu.

Kilichomwachisha ni mjukuu. Binti yake wa pekee alijifungua kabla ya wakati, mtoto akakaa hospitalini kwa muda mrefu, akaruhusiwa kwenda nyumbani na onyo: kifua chake ni dhaifu, moshi asiusikie, hata ule unaoganda kwenye nguo. Binti akamtolea baba yake uvivu. "Baba, nakupenda, lakini nikinusa sigara kwako, mtoto humshiki. Hicho kimashine nacho sikipendi, kivutie huko nje. Ila sigara yenyewe, hapana." Mzee akala kiapo, na kwa kweli alikishika. Alikuwa hajamwona mjukuu ila kwenye picha za simu. Leo, wakitoka kliniki, wangepita hapo dukani, na babu angempakata kwa mara ya kwanza. Alikuwa amevaa shati jipya chini ya koti la kazi. Mikono alishainawa mpaka ngozi inamkakamaa.

Sasa, katika siku zote za Mungu, kidude kikachagua leo.

"Labda hakina chaji," alisema dereva.

"Kimelala kwenye chaji usiku kucha!"

"Au kimejifunga. Vya siku hizi vinajifunga. Hebu kibonyeze harakaharaka."

Akabonyeza harakaharaka. Kikazima kabisa. Akabonyeza tena harakaharaka, kikawaka, akavuta kwa nguvu zote, mashavu yakambonyea. Hewa tupu. Taa ikapepesa kama inamcheka.

Akakifungua. Akapuliza ndani. Akabadilisha waya wa chaji, akauchomeka ule wa simu yake, akagongagonga kichwa cha chaja ukutani kama anayekung'uta kiatu. Akakiunganisha tena, akakikaza, akakikaza zaidi, akakikaza hadi akauma meno. Halafu akafanya alichokifanya kila jioni tangu akinunue: akachukua kichupa cha mafuta ya mashine za kunyolea, akadondoshea tone pale kwenye maungio. Mashine zake zote huzidondoshea hivyo, ndiyo maana hazijawahi kumwangusha. Leo akaona tone moja halitoshi. Akaongeza.

Hapo hata taa yenyewe haikupepesa tena.

"Loo! Mimi nimekosa nini?" Alilirusha taulo ukutani. Hasira zilikuwa zimempanda, na kinyozi mwenye hasira hana kazi ya kufanya kwenye kichwa cha mtu. "Nisubiri hapo hapo!"

"Niende wapi na kichwa hiki?" dereva akauliza.

Mlango wa pili palikuwa kwa Dada Fundi, mtengeneza simu, mwanamke asiye na maneno mengi wala subira. Alikuwa ameinamia simu ya mtu, imefunguliwa tumbo wazi. Mzee Panki akamwekea kidude mezani.

"Mwanangu, niokoe."

"Weka hapo. Nikimaliza hii."

"Sina muda! Mjukuu anakuja!"

"Basi umsubiri mjukuu, na mimi nimalize hii." Hata kichwa hakuinua.

Akarudi dukani akihema. Akashika mashine ya kunyolea, akaiweka. Akachungulia barabarani, akarudi. Kila kitu kilimkera: redio, nzi, kisogo cha dereva. Dereva, kwa huruma ya kijinga, akaingiza mkono chini ya shuka, akatoa pakiti ya sigara.

"Mzee, utapasuka. Chukua moja tu utulie. Nenda huko nyuma."

"Toa uchafu wako hapa!"

Lakini macho hayakubanduka kwenye ile pakiti. Moja tu. Angevua koti na shati, angesimama kwenye upepo, angesukutua, angenawa. Nani angejua? Na kosa si lake, ni la hicho kidude! Akaichomoa sigara kwa hasira, kama anayemkomoa mtu, akaenda nyuma ya duka akiwa kifua wazi, akaivuta haraka, bila hata raha, akijichukia kila pafu.

Alikuwa anaizima kwa soli ya kiatu aliposikia sauti.

"Mzee Panki! Tayari!"

Alipozunguka mbele, Dada Fundi alikuwa amesimama mlangoni kwake, anapuliza kimvuke cheupe juu. Kidude kinafanya kazi, tena vizuri.

"Betri yako nzima," alisema, uso umekunjamana. "Nani kamwagia mafuta humu? Umeme unapitia hapa kwenye hii pini. Umeizamisha kwa kukaza, halafu umeifunika mafuta. Nimefuta kwa spiriti, nimeinua pini kwa sindano, basi. Hii si mashine ya kunyolea, mzee wangu! Usipake kitu!"

Mzee Panki akakipokea. Angesubiri kidogo tu. Kidogo tu, jamani!

Alikimbilia kwenye bomba. Alisukutua, alinawa hadi viwiko, akajipaka losheni ya baada ya kunyoa kifuani, shingoni, hadi upara wenyewe. Akavaa shati. Hakuwa amemaliza vifungo binti alipoingia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu!"

Mtoto alikuwa amefungwa kwenye shali, kofia imemfika kwenye nyusi. Binti alikuwa anatabasamu. Akasogea, akamnyanyua mtoto kumpa babu, na babu akanyoosha mikono. Kisha binti akasimama. Pua yake ikasogea kidogo. Mtoto akarudi taratibu kifuani kwa mama yake.

"Baba."

"Ni mimi, mwanangu," dereva akadakia toka kitini. "Mimi ndiye navuta. Nimeujaza moshi humu."

Ilikuwa njia wazi kabisa ya kutokea, na Mzee Panki aliiona. Akamgeukia dereva.

"Usimdanganye. Nimevuta mimi. Moja. Kimashine kiliharibika nikashindwa kungoja." Alijisikia akisema hivyo na aibu ikamshika. "Mimi mwenyewe ndiye niliyekiharibu."

Binti hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Macho yalimjaa machozi, akayafuta kwa bega kwa kuwa mikono ilikuwa na mtoto. Akarudi nyuma hadi kwenye benchi la wateja, lile la mlangoni kwenye upepo, akaketi.

"Tutakaa hapa kidogo, baba. Wewe mnyoe mteja wako."

Mzee Panki akasimama nyuma ya kiti, akawasha mashine. Kidude kilikuwa mfukoni, kimejaa chaji, na hakuwa na hamu nacho hata chembe. Akapitisha mashine kwenye ule upande uliobaki, polepole, kisha akaizima na kuinua macho kwenye kioo. Benchi lilionekana lote, na shali, na kofia.

"Mwanangu," alisema bila kugeuka, "mgeuze kidogo huku, nimwone."

Binti akamvua mtoto kofia, akamgeuza kuelekea kwenye kioo.