Nilifunga Kula, Nikanenepa

Ndugu zangu, kosa ni langu na simsingizii shetani. Naona hata yeye alishangaa.

Mimi ni bodaboda hapa Nyamongo. Kanisani tulitangaziwa mfungo wa wiki tatu: hakuna kula mpaka jioni, kunywa ruksa. Wenzangu walielewa maji. Mimi nikaelewa soda!

Basi asubuhi mbili, mchana tatu, kila nikishusha abiria naongeza juisi. Kwenye maombi nilipiga kelele kuliko wote, kumbe ni sukari tu inaomba! Wakanisifia.

Wiki ya tatu suruali ikagoma kufunga. Kanisa zima limekonda, mimi kitambi kinatangulia mlangoni. Mke wangu, Mama Bhoke, akaniangalia ninavyohangaika na kishikizo.

"Baba Bhoke, nani anakupikia?"

"Sijala kitu! Mungu ananiona!"

Na kweli sikuwa nimekula! Akafungasha nguo, akavuka mpaka kwenda kwao Kenya. Jamani, nililia mimi.

Akarudi na kaka yake, kaka mwenyewe kavimba kwa hasira.

"Shemeji, sema ukweli. Uko na bibi hapa?"

Mwenye duka la soda ni kikongwe, sote tunamwita Bibi. Nikajua siri imetoka.

"Nisamehe shemeji. Kwa Bibi naenda kila siku, hata mara tano."

"Mara tano!" Mama Bhoke akapiga yowe.

Nilikuwa nimesahau kuwa kwao bibi ni mke! Nikaburutwa kwa shati mpaka dukani. Ajuza akatoka na mkongojo wake, hana jino hata moja, akicheka: "Mwanangu, nimekuwekea za baridi!"

Shemeji akaniachia shati. "Shikamoo mama," akasema kwa aibu.

Mama Bhoke alicheka mpaka akakalia kreti. Kicheko kikaishia zahanati, walikonipeleka kwa ajili ya kile kitambi. Nesi alinipima, sukari iko juu. Akasema soda haishibishi, lakini mwili unaihesabu kama chakula, na inayozidi unaigeuza mafuta. Ningeendelea, ningejitafutia kisukari. Nilinyong'onyea!

Mke amerudi. Chai anapika bila sukari, ananikodolea macho mpaka niimalize.

Nyie mnaosema soda ni kinywaji tu, acheni! Mimi nusura niachike kwa ajili ya bibi asiye na meno.