Nyoka wa Mama Rangi

Kwa miaka thelathini Mama Rangi alipaka mashua za wavuvi, na sifa yake ilikuwa ule mstari mweupe wa ubavuni. Aliuvuta kutoka tezi hadi omo, nyuma mpaka mbele, kwa pumzi moja, ukanyooka kama uliopigwa rula. Sasa mkono ulikuwa umeanza kutetemeka. Kaka yake, mvuvi asiyejua kuzungusha maneno, alimletea mashua yake pamoja na onyo.

"Dada, safari hii ukinichorea nyoka badala ya mstari, natafuta fundi mwingine. Na wenzangu watanifuata."

Mama Rangi alikosa raha. Binti yake, mfagiaji katika jumba la sanaa, akamchukua kazini akapunguze mawazo. Huko, ukutani, alikutana uso kwa uso na mashua ya uvuvi iliyochorwa kwa rangi za mafuta zaidi ya miaka mia iliyopita. Mashua nyekundu, bahari ya rangi ya chungwa, rangi imekandikwa nene kama plasta, na mstari wake, jamani, unakwenda ukiyumba kama mlevi. Cheko likamtoka. Akaziba mdomo, likapitia puani.

"Vipi, mama?" mlinzi akauliza.

"Mwanangu, huyu mchoraji anatetemeka kunishinda. Hawakumfukuza?"

"Watu wanasafiri siku mbili kuja kuiona."

"Hii?"

"Hiyo hiyo."

Akashikwa na kwikwi ya kicheko, ikabidi binti amtoe nje.

Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashua ya kaka yake, akafungua kopo la rangi ya chungwa, akauachia mkono utetemeke utakavyo. Mstari ulipanda, ukashuka, ukakata kiuno. Alipaka huku akiimba.

Rangi ilipokauka, kaka alikuja, akashika kiuno, akaguna, akaisukuma majini. Hapo ndipo furaha ilipomwishia Mama Rangi. Alishinda kutwa akisugua brashi zilizokwisha takata.

Alasiri kaka akarudi, akaketi kando ya makopo.

"Leo nimekula chakula cha moto," alisema. "Mashua zetu zote zinafanana, wifi yako hajui nimerudi mpaka nibishe hodi. Leo kaniona ningali mbali kule, akainjika sufuria."

Mama Rangi akaacha kusugua.

"Wenzangu nao wanataka nyoka," kaka akaendelea. "Ila wao wachoree wafupi, wifi yako asije akatuchanganya."

Mama Rangi alicheka mpaka brashi ikamponyoka.