Kioo cha Damu ya Binti Yangu

Jumanne, tarehe 12 Machi 1957, alifariki binti yangu wa pekee. Alikuwa na miaka mitatu. Tulikuwa tukiishi upande wa Mkunya, nami wakati ule nilikuwa mwandishi wa mzungu mmoja aliyekuwa akichunguza malaria. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoelewa.

Mzungu huyo alikuwa na chumba Newala, na ndani yake hadubini na masanduku ya mbao yaliyojaa vipande vya kioo. Watu walimwita Daktari wa Mbu. Alitaka kujua jambo moja: mtu akimeza kidonge kimoja kila wiki, vijidudu vya malaria vitakosa nafasi katika damu yake, au vitaizoea dawa na kuendelea kama kawaida? Kazi yangu ilikuwa kugawa vidonge kila Alhamisi, kuhakikisha kila mtu amemeza mbele yangu, na kutia alama kwenye daftari. Mara moja kwa mwezi niliwatoboa vidole, nikapaka tone la damu kwenye kioo, nikavipeleka vioo vyote Newala.

Watu waliogopa mumiani. Ilisemwa kwamba damu ya watu inatengenezwa dawa za wazungu. Wanawake waliificha hofu yao kwa mzaha.

"Mwandishi, kidole changu kimekauka, katoboe cha mke wako!"

"Mwacheni. Akitumaliza sisi atajitoboa mwenyewe."

Nilicheka nao. Mimi sikuogopa mumiani. Niliogopa kukosea kazi.

Na nilikosea. Kiangazi kilichotangulia maji yalikuwa shida, kama kila kiangazi huku juu mlimani. Wanawake walishuka bondeni alfajiri, wakapanda na ndoo jua likiwa utosini. Nani atoe kikombe cha maji kwa ajili ya kidonge kichungu? Wakaniomba wakavimeze nyumbani na uji. Nikakubali. Nikawapa vidonge mkononi na kutia alama kwamba wamemeza. Mvua zilipokuja maji yalipatikana, lakini sikubadilisha kitu, maana utaratibu ule ulimpendeza kila mtu, na mimi pia. Jina la binti yangu lilikuwa kwenye daftari hilohilo, na alama yake kila wiki.

Daktari alikuwa na sharti moja ambalo alilirudia sana. Mtu anayemeza kidonge akipata homa, damu ichukuliwe na yeye aitazame kwanza, kabla mgonjwa hajapewa dawa yoyote, ili ijulikane kama vijidudu vimeishinda dawa.

Jumanne ile mtoto aliamka anaungua. Nilimtoboa kidole. Hakulia, wala hakuuvuta mkono.

"Usimpe kitu chochote mpaka nirudi," nilimwambia mke wangu.

Alishika pindo la khanga yake. Kisha akasema, "Tumbebe twende naye."

"Kwa mvua hii? Peke yangu nitakwenda mbio."

Nikakifunga kioo kwenye karatasi, nikaondoka. Nilibeba damu, nikamwacha mtoto.

Kutoka kwetu mpaka Newala ni mwendo wa saa mbili na zaidi, na njia ilikuwa matope. Daktari alitazama kioo, akanipa dawa ya kutibu, akasema, "Kimbia." Nilikimbia. Nilipofika kwenye mikorosho ya jirani nilisikia vilio.

Baada ya maziko mke wangu alifungua pindo la khanga yake mbele yangu. Vilikuwamo vidonge tisa.

"Nilikuwa namwekea," alisema. "Mtoto anacheza, anakula, dawa ya nini? Nikasema siku atakayougua ndiyo atavihitaji." Akalifunga tena pindo. "Siku ikafika, ukaniambia nisimpe kitu."

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mtoto akifa mjomba ndiye mwenye kuuliza. Kaka wa mke wangu hakuuliza. Siku zote za matanga alikuja, akakaa, akala, akavitazama vidole vyangu. Kila alipokohoa nilidhani sasa atauliza. Mke wangu naye alikuwa na hofu yake. Wazazi wake walikwisha kufa, kaka huyo ndiye ukoo wote aliokuwa nao.

"Akijua nilikuwa na dawa nguoni, atanikana," alinisihi. "Mwambie ni homa tu."

Siku ya arobaini, dua ilipokwisha na watu kuanza kuondoka, kaka wa mke wangu alinijia.

"Shemeji, asubuhi ile ulimtoboa mtoto wetu."

"Nilimtoboa."

"Damu iko wapi?"

"Newala."

"Kesho utanipeleka."

Tulitoka mapema. Alichukua panga lake, kama mtu yeyote anavyochukua panga akitoka, lakini alinitaka nitangulie. Njia nzima nilisikia hatua zake nyuma yangu.

Daktari alitupa pole. Akafungua sanduku, akatafuta namba, akakiweka kioo chini ya hadubini. Shemeji aliinama, akaziba jicho moja kwa kiganja.

"Hivi vipete?"

"Ndivyo vijidudu vyenyewe," alisema daktari.

"Vidogo hivi?" Akatazama tena. "Vidogo hivi vikamuua?"

"Alimeza kidonge kila wiki, na havikufa. Wenzake wengi pia, vioo vyao viko hivihivi. Ninaandika kwamba dawa hii imeshindwa kule kwenu, haifai tena."

Karatasi zilikuwa mezani. Nilijua nikinyamaza tutatoka salama wote. Shemeji alikwisha kuona kwamba damu haikuuzwa, na mke wangu angebaki na kaka yake. Lakini alichokuwa akiandika kilitokana na alama zangu za uongo.

"Bwana, hakumeza," nilisema.

"Nani?"

"Binti yangu. Na wengine sijui. Nilitia alama bila kuona. Vidonge vyake mke wangu aliviweka akiba."

Daktari aliweka kalamu chini. Uso wake ukawa mwekundu, lakini sikumtazama yeye. Nilimtazama shemeji.

"Dada yangu alikuwa na dawa?"

"Alikuwa nayo pindoni. Siku ya homa mimi ndiye niliyemkataza asimpe kitu."

Alisimama pale na panga lake. Kisha akamgeukia daktari. "Angempa siku ile, vingemponya?"

Daktari alifikiri. Angeweza kusema lolote, tungemwamini.

"Sijui," alisema. "Homa ilikwisha kuwa kubwa. Kwa kweli sijui."

"Basi tupe damu yetu."

Daktari aliuliza kwa nini. Shemeji akamjibu kwamba mtu huzikwa mzima, na huyu wetu amezikwa akiwa pungufu. Daktari alikishika kioo kwa muda, akanakili namba yake kwenye karatasi, akampa. Kisha akanyoosha mkono, nikampa daftari nililokuja nalo.

Shemeji alikifunga kioo kwenye kitambaa cheupe. Njiani alitangulia yeye. Tulipitia makaburini, akachimba kwa ncha ya panga upande wa kichwa, akakilaza kioo, akafukia na kushindilia kwa viganja. Tukaomba dua.

Tulifika nyumbani alasiri. Mke wangu alikuwa uani anatwanga. Alipotuona aliacha mchi kinuni.

"Umesema?" aliniuliza.

"Nimesema."

Alipiga magoti palepale kwenye pumba, akainamisha kichwa. "Shikamoo, kaka."

Shemeji aliliegemeza panga ukutani.

"Marahaba," alisema.