Kapteni Aliyerudi na Sukari

Enzi zetu Kariakoo, chombo cha anga za juu kilikuwa maboksi ya sabuni kutoka dukani kwa baba yake Eli. Televisheni hatukuwa nayo. Tulikuwa tumeona filamu moja tu ya wasafiri wa angani, tukaona inatosha. Yaliyobaki tungetunga wenyewe. Kila Jumamosi alasiri, uani kwetu, sehemu mpya. Eli alikuwa kapteni. Mwanahamisi alitunza kumbukumbu kichwani: nani kajeruhiwa mkono upi, nani kaachwa sayari ipi. Mimi nilikuwa bendi nzima, nikipuliza kitana kilichozungushiwa karatasi ya pakiti ya sigara. Kila mhusika alikuwa na wimbo wake, na wa Eli ndio niliouringia.

Jumamosi moja Eli akatumwa kupanga foleni ya sukari. "Msianze bila mimi," alitusihi, "mtaninyang'anya ukapteni." Tukaapa. Jua likasogea, watoto wa mtaa waliokuja kutazama wakaanza kuzomea, Eli haonekani. Mwanahamisi akaamua: "Basi kapteni kafa. Piga ya huzuni." Nikauvuta wimbo wake polepole, na wenzangu wakaangua kilio kama walivyoona wakubwa wakifanya: "Eli katutoka jamani!"

Kariakoo ya wakati ule kilio hakikuulizwa mara mbili. Akina mama waliingia na khanga viunoni, mmoja na mkeka, mwingine keshabandika maji ya chai. Mama Eli akaingia mikono kichwani, akakaa chini palepale. Hapo ndipo nilipoogopa. Hata kusema kweli nilishindwa.

Eli akatokea mlangoni na sukari yake. Mama yake akamkumbatia, akamzaba kofi, akamkumbatia tena. Sukari ikaishia kwenye chai ya waombolezaji, maana maji yalishachemka. Eli alinitazama mimi tu. "Si mliapa?" Mwanahamisi akashikilia kuwa mtu akishakufa, kafa. Mama yangu akachukua kitana: "Hiki cha nywele!" Mchezo wetu ukaishia hapo, na Eli hakupanda tena chombo chake.

Siku hizi mjukuu wangu na wenzake wanatengeneza filamu za angani kwa kompyuta. Kapteni wao anakufa wiki hii, wiki ijayo huyo karudi mzima, wala hakuna anayeuliza. Muziki nao unajipiga wenyewe. Nikilalamika anacheka: "Bibi, ni sayansi hiyo."

Mwezi uliopita tulimzika Eli. Turubai la kukodi uani, watu na simu zao, sukari tele. Nikauimba wimbo wake chinichini, polepole kwanza, kisha haraka kama zamani alipokuwa akiingia, macho yangu mlangoni. Nikageuka. Mwanahamisi naye alikuwa anautazama mlango.